Bao la Kucheza na Bao la Kupiga

Katika lugha yetu neno "bao" lina nyumba zaidi ya moja, na wenye nyumba hizo hawapendi kuonekana pamoja. Liko bao la kucheza, lile la mashimo 32 ambalo wazee hulikalia barazani tangu alasiri mpaka adhana ya magharibi. Liko bao la kupiga, ambalo mtu huliendea kwa siri kwa mpiga ramli, akitaka kujua nani kamwibia, au safari yake itakuwa ya heri au ya shari. Siku hizi liko na la mpira wa miguu, linalofungwa wavuni. Tena mtu akimshinda mwenziwe kwa werevu, mitaani husemwa kampiga bao.

Neno "fundi" nalo lina tabia hiyo hiyo. Fundi ni seremala, ni mwashi, ni mshoni wa kanzu, ni mtengenezaji wa saa. Lakini wazee wetu walimwita fundi pia yule aliyeongoza ngoma ya pepo na kujua dawa zake. Hata leo mashabiki wa mpira wa Afrika Mashariki wakisema timu fulani ina "kamati ya ufundi" hucheka chini kwa chini, kwani wanajua kwamba kamati hiyo huenda haihusiki na mazoezi, bali na mambo yanayofukiwa golini usiku wa kuamkia mechi.

Basi lugha yenyewe imekwisha kuchanganya mchezo, mashine na uganga katika chungu kimoja. Ni juu yetu sisi wenye lugha kujua kipi ni nyama na kipi ni mfupa.

Nimeingia katika maneno haya kwa sababu ya kijana mmoja wa Mji wa Kale, mtoto wa jirani zetu wa Kibokoni, ambaye amesoma kuandika programu za kompyuta na anatengeneza mchezo wa vita wa kuchezwa katika simu. Mchezo wake ni wa aina ile ambayo mtu hashindi kwa wepesi wa vidole, bali kwa kupanga: unajenga mji, unakusanya mali, unaweka askari, na unamwotea adui. Vita vyenyewe ni vya kisiwa chetu cha Mvita katika zama za Wareno. Alinijia na daftari lake akaniamkia, kisha akasema, "Ami, upande wa Wareno nimeumaliza. Nimewapa mizinga, merikebu, dira na ngome. Upande wetu nimeweka majini ya baharini, hirizi, mvuvi anayegeuka papa, na mzee wa ramli ambaye akipiga bao huona adui alipojificha. Nakutaka uniongezee uchawi mwingine wa pwani, maana wewe wayajua ya kale."

Nilimwambia, "Mwanangu, kaa kitako. Kabla sijakuongezea, nataka nikupunguzie."

Haya ninayoyaandika ndiyo niliyomweleza, na nayaandika kwa sababu nadhani hayamhusu yeye peke yake.

Kwanza, mgao huu wa kuwapa wengine mashine na sisi majini si wake. Ameupokea. Mwaka 2006 kampuni ya Kimarekani ya Big Huge Games ilitengeneza mchezo wa kompyuta uitwao Rise of Nations: Rise of Legends, na Microsoft ikauuza duniani. Ndani yake mna mataifa matatu yanayopigana. La kwanza ni la Vinci, ambalo jina lake limetokana na Leonardo da Vinci, nalo lina mashine za mvuke, magari ya chuma na vyombo vya kuruka. La pili ni la Alin, watu wa jangwani waliochorwa kwa sura ya Alfu Lela Ulela, na nguvu zao ni majini, moto, mchanga na vioo. La tatu ni la Cuotl, lenye sura ya watu wa kale wa Amerika ya Kati, ambao miungu yao kumbe ni wageni waliotoka angani na vyombo vyao.

Kwa ufundi wa mchezo, kazi ile ni nzuri. Uchawi wa mmoja na mashine za mwingine vimepimwa katika mizani, hata ushindi ukategemea akili ya mchezaji. Lakini tazama mgao wenyewe. Mzungu kapewa akili ya mkono, na mwenye kilemba kapewa jini. Mtoto wa Mombasa akicheza miaka kumi, kisha akashika kalamu atunge wa kwake, mkono wake wenyewe utaandika vile vile, wala hatajua nani aliyemfundisha.

Na kama ni mashine, historia iko. Ismail al-Jazari alikamilisha kitabu chake cha mashine mwaka 1206, akiwa mtumishi wa watawala wa Diyar Bakr. Ndani yake alieleza na kuchora saa za maji, pampu za kupandishia maji, na ile saa yake mashuhuri iliyo juu ya ndovu. Hakueleza kwa mafumbo. Alitoa vipimo, ili fundi mwingine aweze kuitengeneza upya. Leonardo alizaliwa mwaka 1452, karibu miaka 250 baadaye. Kwa hiyo anayetaka kuwapa Waislamu upande wake katika mchezo, na awape magurudumu na mifereji ya maji kabla ya kuwapa majini.

Hata hapa Mvita hatukuwa watu wa kungojea jini litoke chupani. Francisco de Almeida alipokuja na merikebu zake mwezi wa Agosti 1505, alipigwa mizinga kutoka kisiwani. Mizinga hiyo ilikuwa ya Wareno wenyewe, iliyoopolewa kutoka chombo chao kilichoharibika katika pwani hii miaka michache kabla. Mji ulichukuliwa na kuchomwa moto, hilo halifichiki. Lakini ulichomwa baada ya watu wake kuokota silaha ya adui, kuielewa, na kumwelekezea mwenyewe. Hilo ni jambo la kuwekwa katika mchezo: mji unaoweza kuopoa chombo kilichozama na kujifunza kilichomo.

Nikamwonyesha na bao jingine ambalo hakulifikiria, nalo ni la baharia. Mabaharia wa bahari yetu walikuwa na chombo kiitwacho kamali, kipande cha ubao chenye uzi wenye mafundo. Nahodha alishika uzi kwa meno, akausogeza ubao mpaka ukingo wake wa chini uguse upeo wa bahari na wa juu uguse nyota. Fundo alilolifikia lilimwambia yuko wapi kati ya kaskazini na kusini. Mombasa iko digrii 4 kusini ya ikweta, na ajaye huku huiona Nyota ya Kaskazini ikishuka mpaka ikazama, basi hana budi kuzijua nyota nyingine. Ahmad ibn Majid, mzaliwa wa Julfar, aliyakusanya maarifa haya katika kitabu chake cha unahodha mnamo mwaka 1490. Mtu wa bara akimwona nahodha ameuma uzi na kukodolea macho nyota, kisha asubuhi chombo kimefika bandarini, angesema huyu ni mchawi. Lakini ni hisabu tu.

Sasa turudi kwenye bao la kucheza, kwani hapo ndipo penye somo la mtu anayetunga mchezo.

Bao la Kiswahili lina safu nne za mashimo manane manane, na kete 64. Kila mchezaji ana safu mbili na kete 32. Mchezo huanza kwa kunamua. Kila mmoja huweka kete 10 ubaoni, 6 katika nyumba na 2 katika kila shimo la mashimo mawili yaliyo jirani, na 22 hubaki akiba. Kila zamu anaingiza moja. Akiweza kula, anazichukua za mwenziwe na kuzitawanya upande wake kuanzia kichwani. Kete za akiba zikiisha ndipo kunaingia mtaji, nao ndio vita vyenyewe. Anayebaki na safu ya mbele tupu amekwisha, na asiye na la kucheza amekwisha pia.

Sikiliza maneno yake: nyumba, mtaji, safari, kulala, kutakasa. Haya ni maneno ya mji wa biashara. Mtu ana nyumba, anailinda, na akiona faida anaivunja na kusafiri, akijua kwamba akirudi huenda asiikute. Muyaka bin Haji, mshairi wa Mvita aliyefariki mnamo mwaka 1840, alilitia bao katika tungo zake, na mwaka 2003 Mholanzi Alex de Voogt aliandika makala nzima juu ya mashairi yake katika historia ya mchezo huu. De Voogt huyo huyo, mwaka 1995, alitoa kule Leiden utafiti wake juu ya mabingwa wa bao wa Unguja, akipima uwezo wao wa kuhesabu mbele na kukumbuka. Kisha wataalamu wa kompyuta wa Maastricht wakashughulika kulitia bao katika mashine, na wakaliona kuwa ni mchezo mzito. Mchezo mmoja unaweza kuzunguka ubao, kula, kuzunguka tena na kula tena, na mwenye kuhesabu asipotee njiani.

Na ndani ya bao hakuna bahati wala siri. Kete zote zi wazi mbele ya macho ya wote wawili, na hata watazamaji wanaziona. Lililofichika ni moja tu, nalo ni nia ya mwenzako.

Hapa fikihi yetu inatusaidia kuliko vitabu vingi vya watunga michezo. Wanazuoni walipoutazama mchezo wa nardi, unaotegemea dadu, wengi wao waliuharamisha. Walipoutazama sataranji walihitilafiana. Wako walioukataza kabisa, na katika madhehebu yetu ya Shafi kauli mashuhuri ni kuwa ni makuruhu, maadamu hauna kamari wala haumsahaulishi mtu sala yake. Sababu moja waliyoitaja ni hii: dadu humfundisha mtu kutegemea linaloanguka, na sataranji humfundisha kufikiri. Basi wazee wetu waliigawa michezo kwa namna inavyoifinyanga akili, karne nyingi kabla ya kompyuta kuzaliwa.

Sasa bao la kupiga. Nitalieleza lilivyo, kwani ujinga haumkingi mtu na uganga; humtupa mikononi mwake.

Mpiga ramli huweka alama katika mchanga au ubaoni bila ya kuzihesabu, mstari baada ya mstari. Kisha hutazama kila mstari: alama zake ni witiri au ni shufwa? Witiri huandikwa nukta moja, shufwa nukta mbili. Mistari minne hufanya sura moja. Kwa kuwa kila mstari una njia mbili tu, sura zote haziwezi kuzidi 16, maana mbili mara mbili mara mbili mara mbili ni 16. Sura nne za mwanzo huitwa mama. Ukizisoma kwa upana unapata mabinti wanne. Ukiziunganisha mbili mbili unapata nyingine nne, kisha mashahidi wawili, na mwisho anabaki mmoja wa kukata shauri, ambaye ni kadhi. Jumla ni sura 15.

Na huyo kadhi ana jambo la ajabu. Nukta zake zikijumlishwa haziwi witiri kamwe. Mpiga ramli akimpata kadhi wa witiri, ajue amekosea njiani na aanze upya. Mtu asiyejua hudhani hiyo ni siri ya mizimu, lakini sababu yake ni nyepesi. Nukta za mabinti ni zile zile za mama zilizosomwa kwa upande mwingine, basi kila nukta imehesabiwa mara mbili, na kitu kilichohesabiwa mara mbili ni shufwa daima. Kwa hiyo katika sura 16, ni 8 tu ndizo zinazoweza kukalia kiti cha kadhi. Kompyuta za leo nazo zinapopelekeana habari hutumia hila ya namna hiyo hiyo, ya kuangalia witiri na shufwa, ili kujua kama kuna kitu kilichoharibika njiani.

Tena ramli iliwahi kuwa mashine hasa. Katika Jumba la Makumbusho la Uingereza, London, kuna chombo cha shaba kilichotiwa nakshi za fedha na dhahabu, kilichotengenezwa na Muhammad bin Khutlukh wa Mosul mwaka 639 Hijria, yaani 1241 au 1242. Kina vifundo vya kuzungusha, na kila ukizungusha, nukta hujitokeza katika madirisha madogo. Mtu wa leo akikitazama atasema hii ni kompyuta iliyovaa joho.

Na Mjerumani Leibniz alipochapisha mwaka 1703 hesabu yake ya tarakimu mbili tu, moja na sufuri, ambayo ndiyo msingi wa kompyuta zote, alizilinganisha na sura za kitabu cha kale cha Wachina, nacho ni kitabu cha kubashiria. Sura zake nazo zimejengwa kwa mistari ya namna mbili, mzima na uliokatika.

Basi je, ramli ni elimu? Hapa ndipo pa kutia kisu baina ya nyama na mfupa. Hesabu ya ramli ni kweli, na mtoto wa darasa la sita anaweza kuihakikisha kwa kalamu. Uongo ni daawa yake, kwamba kadhi yule wa nukta anajua nani kakuibia. Dini yetu imekata neno: ghaibu ni ya Mwenyezi Mungu, na tumeonywa kwamba mwenye kumwendea mtabiri na kumwuliza hazikubaliwi sala zake za siku 40. Ibn Khaldun naye, katika Mukaddima yake aliyoiandika mwaka 1377, aliitazama ramli na akaieleza kuwa ni kazi ya watu wa mijini wanaotafuta chumo lao. Alikitazama na chombo kingine, zairaja, duara la herufi na hesabu ambalo ukiliuliza swali hukujibu kwa maneno yenye mizani na kina. Hakukidharau ufundi wake. Alisema jibu lile hutolewa katika herufi za swali lenyewe kwa kanuni, wala hapo hakuna kufunuliwa ghaibu. Leo tuna mashine zinazojibu kila swali, hata kwa shairi ukitaka. Wanaozisadiki kama wanavyosadiki ramli wangefanya vyema kumsoma mzee huyu.

Na ukidhani Wazungu wameokoka na mchanganyiko huu, kumbuka kisa cha Mturuki. Mwaka 1770 Wolfgang von Kempelen alimwonyesha malkia Maria Theresa, kule Vienna, mashine ya kucheza sataranji. Ilikuwa kasha kubwa lenye magurudumu, na nyuma yake ameketi mtu wa mbao aliyevishwa kilemba na joho. Akafungua milango ya kasha watu waone magurudumu, akaifunga, na mtu wa mbao akacheza na kuwashinda wengi. Mwaka 1809 alimshinda hata Napoleon. Sanamu lile liliungua moto huko Philadelphia mwaka 1854, na siri ikabainika kuwa ndani ya kasha mlijificha mchezaji hodari wa sataranji, mtu wa nyama na damu. Ona jinsi walivyofanya. Walitaka mashine ionekane ya ajabu, wakaivika kilemba chetu. Ilipofika mwaka 1997, kompyuta ya IBM iitwayo Deep Blue ikamshinda Kasparov, bingwa wa dunia, bila ya kilemba na bila ya mtu ndani. Ilikuwa ni kuhesabu tu, lakini kwa kasi ambayo binadamu hana.

Kijana wangu akaniuliza, "Kwa hivyo, Ami, niufute uchawi wote?" Nilimwambia, usiufute, uweke mahali pake. Kwani katika vita vya kweli imani ni nguvu, hata kama kinachoaminiwa si kweli.

Mfano ulio mkubwa kuliko yote katika nchi hizi ni Vita vya Maji Maji, Tanganyika, mwaka 1905 hadi 1907. Kinjikitile Ngwale wa Ngarambe aliwapa watu maji, wakaamini kwamba risasi za Wadachi zitageuka maji. Imani ile ilifanya jambo ambalo hapana jumbe aliyeliweza: ilikusanya makabila mengi yasiyokuwa na neno moja, yakasimama pamoja. Hapo maji yalifanya kazi. Lakini mbele ya bunduki za rashasha za boma la Mahenge, mwezi wa Agosti 1905, hayakufanya. Kinjikitile alinyongwa mwezi huo huo. Kisha Wadachi wakachoma mashamba na maghala, na njaa ikaua watu makumi kwa makumi ya maelfu. Anayetunga mchezo, na auandike uganga hivyo: unaongeza umoja na ushujaa wa askari, hauzuii risasi, na siku unapobainika uongo wake, moyo wa jeshi huvunjika zaidi ya ulivyokuwa mwanzo. Hapo mchezaji atakuwa na shauri zito la kukata, na atatoka mchezoni amejifunza jambo la kweli.

Yule mzee wa ramli anayemwona adui kila pahala, nilimshauri amwondoe, na si kwa sababu ya dini peke yake. Anauharibu mchezo. Katika michezo hii ramani huanza na giza, na mchezaji hutuma wapelelezi kulifukuza. Ukimpa mtu jicho la ghaibu, umemwondolea kazi ya kufikiri. Badala yake mpe nahodha na kamali yake, mpe mvuvi anayezijua kasa, mpe mchukuzi wa barua wa kwenda Malindi. Hao nao huliondoa giza, lakini kwa gharama na kwa kuchelewa, na pengine hurudi na habari iliyokwisha kupitwa na wakati.

Akitaka ajabu, asiihangaikie. Ngome yenyewe, iliyoanzwa kujengwa mwaka 1593, ilizingirwa na Waomani tangu Machi 1696 hadi Disemba 1698. Ndani, njaa na maradhi viliua kuliko mizinga. Msaada wa Wareno ulitegemea vyombo vya kutoka Goa, na vyombo vilitegemea pepo, na pepo hazina amri ya mfalme. Katika mwaka 1697 ilifika hali ambayo Wareno wa ngomeni walikuwa karibu wamekwisha wote, na aliyeishika ngome ni Bwana Daud wa Faza na watu wake Waswahili. Hebu mtu aniambie ni jini gani linalokishinda kisa hicho kwa ajabu. Kaskazi na kusi zinatosha kuwa saa ya mchezo: miezi ya kupokea, na miezi ya kujifungia na kuhesabu pishi za mtama zilizobaki.

Neno la mwisho nililompa ndilo linaloniuma zaidi. Iko ramli moja iliyoingia katika simu za watoto wetu, wala hapana anayeiita ramli. Ni yale masanduku ya bahati yanayouzwa ndani ya michezo: unalipa pesa halali ili ufunguliwe kitu usichokijua, pengine upanga mzuri, pengine takataka. Mwaka 2018 Ubelgiji iliyatazama masanduku hayo na kuona kuwa baadhi yake ni kamari kwa sheria yake. Hiyo ni ile nardi ya zamani, imerudi imevaa nguo za mchezo wa akili. Na karibu yake iko michezo ya kubahatisha ya wazi wazi, ambayo vijana wa mji huu wamepoteza ndani yake nauli na karo, huku kila mmoja akisadiki kwamba ameugundua utaratibu wa mashine. Huyo anapiga bao huku akidhani anacheza bao. Ndiyo maana nasema kutenganisha mambo haya mawili si jambo la wazee wa barazani tu.

Mchezo ulio waungwana ni ule ambao aliyeshindwa anaweza kurudi nyuma kete kwa kete mpaka alipokosea. Bao la kucheza liko hivyo. Mashine nayo inaweza kuwa hivyo, ikiwa aliyeiandika amekusudia. Ufundi wa wazee wetu haukuwa haba, ila umelala chini ya majina ya uganga ambayo wengine walitubandika na sisi tukayapokea. Kazi ya vijana wenye kompyuta ni kuufukua. Nami kalamu yangu ni ya vina, basi nampa huyu wangu beti moja aende nayo:

Bao lina mashimoye, hesabu ndiyo mtaji,
Fundi ni akumbukaye, si moshi wala si maji,
Ya ghaibu ni ya Yeye, Mola pekee Mpaji,
Kijana uandikaye, usiusahau mji.